Mkaa na Ukoka wa Placida

Placida aliniambia asubuhi, nikiwa bado na kikombe mkononi. Hakupandisha sauti. Alisimama barazani, mikono kiunoni, akiutazama uwanja wake wa mbele, akasema:

"Baba, mpaka siku ya kumuaga bi harusi wetu Vero, ama haya madoa yawe yameisha, ama huyu mbwa awe ameondoka. Mimi siwezi kukalisha wageni wa Muleba juu ya mkojo."

Mbwa mwenyewe alikuwa amelala miguuni pangu, kidevu juu ya kiatu changu. Anaitwa Mkaa, kwa weusi wake. Ni jike, si mkubwa, sikio moja limesimama na lingine limelala.

"Nimesikia, mama," nikasema.

"Sikufukuzi wewe. Nataka uelewe hilo."

"Nimeelewa."

Nilielewa, lakini mimi na Mkaa tulikuja pamoja. Nilimpokea kwa mtu aliyeniomba nisimtupe, nami nikakubali. Akitoka yeye ningebaki vipi mimi, ninakunywa chai ya watu na kiatu changu hakina kidevu juu yake?

Placida ni mke wa Elipidius, na Elipidius ni mtoto wa marehemu mdogo wangu Rwegoshora. Kwa hiyo mimi Kaijage ndiye baba yao mkubwa, wa mwisho aliyebaki hai katika nyumba ile. Kibanja chetu kiko hapa Kihanga, migomba na kahawa, na mbele yake ndipo nyumba ilipo. Rwegoshora alibaki akakilima. Mimi niliondoka nikiwa kijana, na sikuondoka kwa ugomvi. Miguu tu ilikuwa haitulii. Nilisoma darasa la kwanza hapa, la pili na la tatu Kituntu kwa shangazi, la nne sikulimalizia popote. Nimechimba bati Kyerwa. Nimechunga ng'ombe wa watu ng'ambo ya mto Kagera. Nimeuza samaki wakavu Murongo, nikapika maandazi Mwanza, nikarudi tena Kyerwa kwa sababu palikuwa karibu na nyumbani bila kuwa nyumbani. Kila nilipohama nilikuwa na begi moja la turubai, na kila chumba nilichokaa, kitu cha kwanza nilichotafuta ni msumari wa kulitundika.

Elipidius ndiye aliyenifuata. Kazi yake ya uafisa iko Bukoba, huja nyumbani mwisho wa wiki. Alinikuta Nkwenda, huko Kyerwa, nikikohoa, akasema, "Baba mkubwa, chumba cha nyuma kipo. Twende nyumbani." Akamtazama Mkaa. "Na huyu?" Nikamwambia huyu ni wangu. Akacheka, akafungua mlango wa nyuma wa gari.

Sasa huo uwanja. Placida ni mtu wa Muleba, ana duka la vitenge Kayanga, na ana mkono mzuri kwa mimea. Ukoka ule aliuomba kwenye misheni moja huko kwao, akauleta kwenye kiroba, vipande kwa vipande, akaupanda kwa mikono yake. Kiangazi chote aliumwagilia kwa maji ya kununua. Ulipokubali, ukawa kama blanketi. Watu wakipita njiani walikuwa wanasimama. Jirani yetu Apolinary, ambaye hana jambo asilolisemea, alisema hajawahi kuona mtu analima majani wakati wenzake wanayapalilia.

Mimi uwanja ule niliupenda kwa sababu yangu mwenyewe, ambayo sikumwambia mtu. Pale palipo na ukoka ndipo ulipokuwa msonge wa baba yangu. Nyumba ya nyasi, ya mviringo, juu nyasi na chini nyasi. Ndani hatukuwa na saruji wala mkeka. Mama yetu Salvina alikuwa anatandika nyasi sakafuni, nyasi laini zilizokatwa huko juu rweyani, kwenye mbuga wazi ya vilimani. Kila Jumamosi alizitoa za zamani akatandika mpya, ili Jumapili itukute kwenye harufu safi. Mimi na Rwegoshora tulikuwa tunajitupa juu yake kabla hajamaliza, anatufukuza kwa ufagio, tunarudi. Nimelala kwenye vitanda vya kila namna tangu hapo. Sijapata kulala vile.

Kwa hiyo jioni nikikaa barazani nikitazama ukoka wa Placida, nilikuwa naona mlango ulikuwa wapi, jiko wapi, na baba alikuwa anakaa wapi na kikapu chake kidogo cha kahawa ya kutafuna.

Madoa yalianza wiki chache baada ya sisi kuja. Doa lenyewe ni duara, ukubwa wa kifuniko cha sufuria. Katikati manjano, nyasi zimekufa zimelala. Pembeni, na hili lilinishangaza, pete ya kijani kibichi kuliko uwanja wote. Moja lilitokea karibu na njia, lingine chini ya mti wa maua, kisha yakawa yanaongezeka. Hakukuwa na haja ya kumtafuta mkosaji. Alikuwa anachuchumaa mchana kweupe.

"Dume lingeinua mguu kwenye mti," Apolinary alisema, ameegemea ua. "Jike anamwaga yote mahali pamoja. Ndivyo walivyo."

"Wewe umesomea mbwa?"

"Nimeoa, waitu, ndugu yangu. Najua kuchungulia."

Mimi nilifanya nilichojua. Kwetu hapa, mgomba ukinyong'onyea unaupa majivu. Mbuni ukiliwa na wadudu, majivu. Mama alikuwa hamwagi jivu la jikoni ovyo. Lilikuwa na mahali pake shambani kama vile chumvi ilivyo na mahali pake kwenye chungu. Basi nikachukua debe la majivu nikapita doa kwa doa, nikalijaza kila moja vizuri, nikashindilia kwa kiganja. Umande ukashuka. Asubuhi majivu yalikuwa yameganda kama uji uliosahaulika. Baada ya siku chache, hata ile pete ya kijani ikaungua, na madoa yakawa makubwa kuliko mwanzo.

Placida alitoka na mswaki mdomoni, akachuchumaa mbele ya doa moja, akatazama muda mrefu. Kisha akatema povu pembeni.

"Baba, haya majivu umeweka wewe?"

"Mimi."

"Ulidhani ni ugonjwa."

"Kwani si ugonjwa?"

Alinionyesha doa jipya, ambalo sikuwa nimelifikia. "Ona ukingo ulivyo kijani. Dada yangu aliwahi kumwaga kopo zima la mbolea ya dukani kwenye shimo moja la mahindi. Pale penyewe pakaungua, pembeni mahindi yakanenepa. Huu mkojo ni mbolea iliyozidi. Sasa wewe umeongeza chumvi juu ya chumvi."

Alikuwa sahihi, na nilikuwa nimeshika debe.

"Maji," akasema. "Akishamaliza tu, maji mengi, hapo hapo. Yakiingia chini hayaunguzi."

Basi nikawa mtu wa ndoo. Mkaa akiinuka, nami nainuka. Akienda mbele, nami na ndoo nyuma. Akigeuka kunitazama, nasimama kama ninayekagua hali ya hewa. Apolinary alikuwa anaita watu waje waone. "Njooni, mzee anamnawisha mbwa." Na kweli, kila nilipowahi, doa halikutokea. Shida ni kwamba mzee halali macho wazi. Nikisinzia kidogo kitini, nikienda chooni, nikienda shambani kukata ndizi ya mchana, nikirudi nakuta Mkaa anatikisa mkia na pahali pameloa. Nikamfunga nyuma ya jiko. Hakukojoa kutwa nzima. Alijizuia, macho yamemtoka kwa aibu, na nilipomhurumia nikamfungua, alikwenda moja kwa moja kwenye ukoka akamwaga ya siku yote.

Hapo ndipo Placida alipompigia simu Telesfori. Telesfori ni binamu yake, anafuga mbuzi huko Kyerwa, na alikuwa anatafuta mbwa wa kulala nao zizini. Nilimsikia kupitia dirisha: "Ni mpole, hali sana. Njoo siku ile ile ya sherehe, utakula, jioni utaondoka naye." Sikumlaumu. Vero ni binti yake wa pekee, na upande wa mwanamume walikuwa wanakuja kuona binti anatoka nyumba ya namna gani.

Nililishusha begi kutoka msumarini. Sikuweka kitu ndani. Nililiweka tu kitandani, nione litakavyokaa.

Vero ndiye aliyelikuta. Anafundisha shule Kayanga, na kipindi kile cha maandalizi alikuwa anakuja karibu kila jioni. Mimi ni babu yake, na kwetu babu na mjukuu ni watani, namwita mke wangu.

"Babu, hilo begi linafanya nini kitandani?"

"Linapumzika. Limechoka kuning'inia."

"Usinichezee. Unataka kwenda wapi?"

"Wewe ndiye unayekwenda. Unaniacha mimi mumeo unafuata kijana wa Muleba ambaye hata meno yake yote bado anayo, sasa unaniuliza ninakwenda wapi."

Hakucheka. Alikaa kando ya begi. "Babu Rwegoshora hayupo. Siku ya kuniaga kuna kiti cha babu. Wewe ndiye unanipa kahawa mkononi, wewe ndiye unaniambia neno mbele ya watu. Nimeshawaambia kule kwamba babu yangu yupo, amerudi. Ukiondoka, kiti kitakaa Apolinary."

"Apolinary akipewa kiti hicho hutaolewa mpaka Pasaka. Atakuwa bado anaongea."

Sasa akacheka, lakini aliliinua begi akalitundika yeye mwenyewe. Nilipolitazama pale ukutani niliona kwamba kwa mara ya kwanza tangu niwe kijana sikutaka kulishusha. Nilitaka kubaki. Kwenye kibanja cha baba, karibu na kaburi la Rwegoshora kule kwenye migomba ya nyuma. Nilichokosa ni njia ya kumbakiza Mkaa.

Kazi yangu pale nyumbani ilikuwa kufyeka. Hakuna aliyenituma, niliichukua. Jumamosi naupitia ukoka kwa fyekeo, taratibu, kuanzia njiani mpaka barazani. Yale majani yaliyokatwa siyatupi. Hapa mtu hatupi majani, yanakwenda kufunika mashina ya migomba. Lakini huyapeleki mabichi, yakirundikana mabichi yanachemka na kuoza na kuunguza mizizi. Baba alitufundisha kuyaacha yanyauke kwanza. Kwa hiyo nikishafyeka nakusanya vichungu, marundo madogo madogo, hapa na pale juu ya ukoka, naviacha vikauke, kisha katikati ya wiki navibeba kwenda shambani. Placida alipenda vile vichungu. Alisema vinapendeza, kama picha.

Jumamosi ile nilifyeka mapema. Nikamaliza, nikakusanya, nikakaa barazani na chai. Mkaa aliinuka akajinyoosha. Nikashika ndoo, lakini nikasema ngoja leo nimwangalie tu, maana kuondoka anaondoka.

Alishuka ngazi. Akapita juu ya ukoka uliofyekwa, hakusimama. Akafika kwenye kichungu cha kwanza, akanusa, akakiacha. Cha pili akanusa, akakiacha. Kule pembeni, karibu na mti wa maua, kulikuwa na kichungu cha wiki iliyopita nilichosahau kukiondoa, kikavu, rangi ya kahawia. Mkaa alikwenda pale moja kwa moja, akazunguka, akachuchumaa. Kisha akanigeukia na kunitazama, mkia ukipiga taratibu, kama mtoto aliyemaliza alichotumwa.

Niliweka kikombe chini. Nilitembea uwanja mzima nikitazama madoa. Lile la njiani: nilikuwa na kichungu pale. Lile la chini ya dirisha: kichungu. Hakukuwa na doa hata moja ambalo sikuwahi kuweka majani yakauke juu yake.

Ikabidi nimkumbuke Sperancia.

Sperancia ndiye mama mwenye nyumba wangu wa mwisho huko Nkwenda, mjane, mkubwa kwangu kwa umri. Nyumba yake ilikuwa ya matofali na bati kama za watu wote, lakini chumba kimoja alikiweka kizamani. Alitandika nyasi chini. Wajukuu wake walimcheka, wakasema bibi anafuga viroboto. Yeye akasema miguu yake haijajifunza saruji na haina muda wa kujifunza. Jioni alinikaribisha pale, tunakaa chini, tunatafuna kahawa, na mimi nafumba macho niko Kihanga, mama anatufukuza kwa ufagio. Nadhani ndiyo sababu nilikaa kwake kuliko mahali pengine popote.

Mkaa alizaliwa pale. Akiwa mdogo alikojoa ndani, kwenye nyasi, mara moja. Sperancia hakumpiga. Alizikusanya zile nyasi zilizoloa pamoja na nyingine za zamani, akamweka mtoto wa mbwa kwenye upande wa kanga yake, akavipeleka vyote nje kwenye shina la mgomba. Akazimwaga nyasi chini, akamweka Mkaa juu yake. Akamwambia kwa Kinyambo, kwa sauti ya kuongea na mtu: hizi za zamani ni zako, zile mpya ni za watu. Akafanya hivyo kila alipobadilisha nyasi, mpaka mbwa akajua. Mama yangu alifanya vivyo hivyo na watoto wa mbwa wa baba, wale mbwa wa kuwindia nguruwe, waliovaa kengele za mti shingoni. Nilikuwa nimesahau kabisa. Mwanawe Sperancia alipokuja kumchukua akaishi naye Bukoba, kwenye nyumba ya vigae, alinishika mkono akasema, "Mkaa ana adabu. Usimtupe."

Ana adabu. Mimi ndiye niliyekuwa namtandikia choo katikati ya uwanja wa watu kila Jumamosi, halafu namfuata na ndoo.

Sikusubiri yanyauke. Nilibeba vichungu vyote, hata kile kilicholoa, hasa kile, nikavipeleka nyuma ya jiko kwenye mgomba wa kwanza wa kibanja. Nikavitandaza mbali kidogo na shina, visiuunguze. Mkaa alinifuata akitazama. Nikazipiga zile nyasi kwa kiganja nikamwambia maneno ya Sperancia kama alivyoyasema. Alinusa, akanitazama muda, akakaa.

Asubuhi yake alikwenda kule mwenyewe. Na mchana. Mimi ndoo nilikuwa nayo bado, lakini sasa nilinyunyizia madoa ya zamani, nikayaosha majivu yangu, nikakwangua yaliyokufa, nikachomeka vipande vya ukoka nilivyong'oa kando ya mfereji.

Nilimweleza Placida. Alinisikiliza mpaka mwisho, akikunja vitenge.

"Kwa hiyo mbwa anajua nyasi za jana na za leo."

"Anajua."

"Baba, mimi mume wangu hajui shuka ya jana na ya leo."

"Hakufundishwa na Sperancia."

Alitabasamu kidogo, kisha akatazama nje. "Sawa, tuseme ameacha. Mapengo bado yapo. Hivyo vipande ulivyochomeka havitajaza kabla ya wageni."

Ilikuwa kweli. Uwanja ulikuwa kama kichwa cha mtoto mwenye mapunye. Hapo nikasema jambo nililokuwa nalo moyoni tangu Jumamosi. Nikamwambia zamani hapa hapa, binti akiagwa, mama na majirani walipanda rweyani alfajiri wakakata nyasi laini, wakatandika kuanzia njiani mpaka mlangoni, unene wa kiganja. Mgeni hakukanyaga udongo. Nikasema nitazikata mimi. Yatafunikwa mapengo yote.

Placida aliacha kukunja.

"Unataka kutandika nyasi zilizokatwa, uwanja mzima, na huyu mbwa yupo?"

"Mpya ni za watu."

"Na akisahau? Mbele ya mama mkwe wa Vero?"

"Telesfori si atakuwepo na kamba yake?"

Alinitazama kama anayepima kitambaa. "Haya. Tandika. Akiharibu, Telesfori anaondoka naye, na wewe hutaninunia. Asipoharibu, Telesfori atakuwa amekula ndizi za bure."

Tukakubaliana hivyo.

Siku yenyewe nilikuwa rweyani kabla ya jua, mimi na Vero, bi harusi mwenyewe, amejifunga kitenge cha mama yake. Nilimwambia haifai, akasema nani atamkataza mke wa mzee. Nyasi zilikuwa na umande, zinakatika kwa sauti ya kitambaa kinachochanwa. Kule chini tuliona mabati ya Kihanga na migomba imeyazunguka, na ukungu. Mgongo wangu ulilia, lakini harufu ile ilinifanya nisiusikie. Tulishusha mizigo kwa bodaboda ya jirani, tukatandika. Placida alikuja akasimama pembeni, akavua kiatu kimoja, akaweka mguu, akautoa, akavaa kiatu akaenda jikoni.

Wageni walikuja mchana, Elipidius akawapokea njiani. Walikuwa na suti na magauni ya kung'aa, na walipofika pale njiani walisita wote, hawajui kama panakanyagwa. Kikongwe mmoja wa upande wa mwanamume, bibi yake, aliyeshikwa mkono, alisimama akatazama chini. Akainama akavua ndara zake. "Nani amekumbuka hii?" akauliza. Wakamletea kiti cha plastiki, akakikataa. Akaketi chini kwenye nyasi, akanyoosha miguu, akazishika kwa viganja pande zote mbili, akaanza kuwasimulia wasichana waliokuwa karibu kuhusu msonge wa baba yake. Wazee wengine wakamfuata chini mmoja mmoja. Vijana wakabaki kwenye viti, juu yao, kama kuku.

Nilikaa kwenye kiti cha babu. Telesfori alikuwa amekaa karibu na ua, mnene, mpole, kamba imekunjwa mapajani. Nilimpa Vero kahawa kwenye kiganja, nikamwambia neno. Sikusema refu. Nilimwambia mimi nimezunguka sana, na kila nilikokaa vizuri palikuwa na kitu kidogo cha nyumbani ndani yake. Kwa hiyo huko aendako asione haya kubeba kitu kidogo cha hapa. Alilia, mama yake akalia, Apolinary naye akalia kwa sauti kuliko wote.

Ndipo mtu wa jikoni alipofungua mlango wa nyuma, nilikomfungia Mkaa, na kuusahau.

Mkaa alitokea pembeni ya nyumba. Akasimama ukingoni mwa nyasi. Pua yake ilikuwa juu, inachezacheza. Mbele yake nyasi zilizokatwa, uwanja mzima, hajapata kuona nyingi namna ile. Placida alikuwa amebeba sinia la vikombe, akasimama pale pale alipokuwa. Telesfori akaikunjua kamba. Mimi nilishika mikono ya kiti.

Mkaa aliingia. Alipita katikati ya watu, pua chini, akinusa hatua kwa hatua. Akafika mbele ya yule kikongwe, akaanza kuzunguka. Nikaona mgongo wake unajikunja. Nikafumba macho.

Nilipofumbua alikuwa amelala. Amejilaza kwenye nyasi, kidevu juu ya mguu wa bibi wa Muleba, na bibi anamkuna lile sikio lililolala bila kukatiza hadithi yake. Walikaa hivyo. Baadaye kidogo Mkaa aliinuka, akajitikisa, akarudi alikotoka, taratibu, akapita jiko. Telesfori aliinuka akamfuata kuchungulia. Alirudi akiikunja kamba upya.

"Dada," akamwambia Placida, "huyu ana choo chake kule kwenye mgomba. Mimi nitamfundisha nini tena? Hebu niongezee ndizi."

Wageni waliondoka jua likiwa linaelekea kushuka, na Vero akaondoka nao. Nyumba ilikuwa kimya namna ile ya nyumba iliyotoka kujaa. Nyasi zilikuwa zimekanyagwa, zimelala, zinaanza kunyauka, na harufu yake ilikuwa imegeuka, tamu zaidi. Mama alikuwa anasema hiyo ndiyo harufu ya kuzitoa. Nilikuwa bado kwenye kiti cha babu. Sikutaka kuinuka.

Placida alitoka barazani. Alikuwa amefuta uso, amebadilisha gauni.

"Baba, hizi zikilala hapa mpaka kesho?"

"Zikilala hapa, kesho zitakuwa za zamani."

Alivuta pumzi. Akavua viatu vyote viwili, akakaza kitenge, akainama akakusanya nyasi nyingi mikononi mpaka zikamfika kidevuni. Niliinuka nikusanye na mimi. Alikuwa tayari anaelekea nyuma, kwenye mgomba, nyasi zinadondoka njia nzima, na tangu nifike nyumba ile sikuwahi kumsikia akimwita kwa jina.

"Mkaa," aliita. "Mkaa, njoo huku."